Somo la Afya: Kistari Kidogo Kwenye Kadi ya Kliniki

Leo nataka tuanze kwa kutafuta kitu. Ikiwa nyumbani kwenu yupo mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, mwombeni kadi yake ya kliniki. Ifungueni taratibu, mtafute mahali panapoandikwa kundi la damu. Hapo mtaona herufi: A, au B, au AB, au O. Herufi hizo mmekwisha kuzijua siku nyingi. Lakini karibu na herufi ipo alama. Pengine ni ile ya kujumlisha tuliyoitumia katika hesabu, +. Pengine ni ile ya kutoa, –. Wauguzi wengine huandika neno zima, chanya au hasi, na wengine huandika Rh kisha alama yake.

Somo la leo ni juu ya kile kistari cha kutoa. Dada yangu alikaa nacho mkobani miaka minane asijue maana yake.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa salama, mvulana mwenye nguvu. Wa pili alizaliwa hai, lakini kabla ya jua kuchwa macho yake yaligeuka manjano, na siku ya tatu akafa. Wa tatu alikufa tumboni, mimba ikiwa ya miezi minane. Hapana haja ya kuwaeleza yaliyosemwa, kwa maana nanyi mnakaa na watu. Wengine walimtazama mama mkwe kwa jicho baya. Wengine walisema dada alikunywa dawa za kuharibu mimba alipokuwa msichana. Wazee wakamwita shemeji yangu pembeni, wakamwambia atafute mke mwingine. Na wakati wote huo kadi ilikuwapo, imeandikwa O na kistari chake, kwa wino wa buluu na mwandiko safi kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kupata stashahada ya chuo kikuu. Niliishika kadi ile mkononi nikairudisha, nisielewe kitu.

Basi tuelezane. Mwili wa binadamu una askari wake. Askari hao ni chembe nyeupe za damu, na kazi yao ni kumtambua kila mgeni aingiaye, awe kijidudu cha surua au cha kichomi, na kumwangamiza. Baadhi yao hutengeneza vitu vidogo mno viitwavyo kingamwili. Zifananisheni na mishale: kila namna ya mshale imechongwa kwa adui mmoja tu, wala haimdhuru mwingine. Tena askari hawa hawasahau. Mara ya kwanza wakikutana na adui huchukua siku nyingi kuichonga mishale. Mara ya pili mishale iko tayari, nao hupiga upesi. Ndiyo sababu aliyewahi kuugua surua haugui tena, na ndiyo sababu watoto huchanjwa.

Sasa fikirini jambo moja. Mtoto aliye tumboni nusu yake ni ya baba. Kwa askari wa mama, nusu hiyo ni ugeni. Mbona hawamshambulii? Mwaka 1953 mtaalamu wa Uingereza, Peter Medawar, aliliuliza swali hilo mbele ya wenziwe, na mpaka leo wataalamu wanaendelea kulichambua. Sehemu ya jibu ni kondo la nyuma. Damu ya mama hupita upande wake na damu ya mtoto upande wake, katikati pana utando mwembamba. Chakula na hewa hupenya, lakini damu zenyewe hazichanganyiki ovyo. Tena askari wa mama walio karibu na kondo hutulizwa, wamlinde mgeni badala ya kumpiga. Kwa mimba nyingi ulinzi huu watosha.

Lakini kuna mahali unaposhindwa, napo ni hapa penye kistari.

Chembe nyekundu za damu huwa na alama juu yake, kama ng'ombe wanavyotiwa chapa. Alama moja huitwa D, ya kundi la Rhesus. Jina hilo ni la namna ya kima, maana mwaka 1940 Karl Landsteiner na Alexander Wiener, huko Marekani, walitumia damu ya kima hao katika uchunguzi wao. Mwenye alama ya D huandikiwa +, asiye nayo huandikiwa –. Katika nchi za Ulaya watu yapata 15 katika kila 100 hawana alama hiyo. Kwetu Afrika Mashariki ni wachache, kama 3 mpaka 5 katika 100. Kukosa alama si ugonjwa. Mtu huyo hula, hulima na huzaa kama wengine, wala hana upungufu wo wote.

Taabu huja mama akiwa na kistari, na baba akiwa na alama ya kujumlisha. Mtoto aweza kuirithi alama ya baba. Mtoto wa kwanza kwa kawaida huzaliwa salama, kwa sababu damu yake haijakutana na askari wa mama. Lakini siku ya kuzaa, kondo linapobanduka, matone machache ya damu ya mtoto huweza kuingia katika damu ya mama. Askari huona chembe zenye chapa wasiyoijua, nao huanza kuchonga mishale. Mama hasikii homa wala maumivu. Hurudi nyumbani na mtoto wake, ngoma zikapigwa.

Kisha huchukua mimba ya pili. Mtoto huyu naye akiwa na alama ya baba, ile mishale, ambayo ni midogo sana, hupenya kondo na kuziharibu chembe nyekundu zake. Mtoto hupungukiwa damu. Akizidiwa, mwili wake hujaa maji, na moyo huchoka akafa kabla ya kuzaliwa. Akizaliwa hai, mabaki ya chembe zilizoharibika humfanya awe wa manjano, na manjano ikizidi huharibu ubongo. Na kwa kuwa askari hawasahau, mara nyingi kila mtoto afuataye huwa na hali mbaya kuliko aliyemtangulia. Sasa yatazameni tena yale niliyowaambia juu ya dada yangu: wa kwanza mzima, wa pili manjano, wa tatu mauti tumboni. Daktari mwenye ujuzi akisikia mfuatano huo, swali lake la kwanza ni juu ya kistari.

Tangu zamani watu waliona mfuatano huo wasijue sababu. Mwaka 1939 waganga wawili, Philip Levine na Rufus Stetson, waliandika habari za bibi mmoja aliyezaa mtoto mfu, kisha akatiwa damu ya mumewe. Damu zao zilikuwa za herufi moja, O, lakini alipotiwa alidhurika sana. Wakasema huenda mwili wa bibi yule ulikuwa umejifunza kuipinga damu ya mumewe kwa njia ya mtoto. Neno hilo ndilo lililofungua mlango.

Kinga ilipatikana katika miaka ya 1960, New York na Liverpool, kwa hila ya ajabu. Wataalamu walichukua mishale ileile, kingamwili za D, kutoka katika damu ya watu walio nayo, wakamchoma mama sindano baada ya kuzaa. Utauliza, kwani si kumwongezea sumu? La. Mfano wake ni mgeni aingiaye mjini usiku, mgambo wakamkamata na kumwondoa kabla jeshi halijaamka. Chembe za mtoto huondolewa mapema, askari wa mama wasipate hata habari, wala wasichonge mishale yao wenyewe. Mishale ya sindano huisha baada ya miezi michache. Dawa ilianza kutumika kwa watu wote mwaka 1968. Pasipo dawa, akina mama kama 16 katika 100 walio hatarini huanza kuchonga mishale. Wakichomwa sindano baada ya kuzaa, hawazidi 2.

Dawa yenyewe hutoka katika damu ya watu wanaojitolea. Australia alikuwako mzee mmoja, James Harrison, aliyekuwa na kingamwili hizo kwa wingi. Alipokuwa kijana wa miaka 14 alipasuliwa kifua, akaokolewa kwa damu za watu wengine. Akaapa naye atatoa yake. Alianza mwaka 1954, akatoa zaidi ya mara 1,100, akaacha mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 81 kwa kuwa sheria haikumruhusu kuendelea. Alifariki mwaka 2025. Nasikia alikuwa hapendi hata kuitazama sindano ikiingia mkononi mwake!

Sasa msikilize vizuri, na wewe unayesoma weka kidole chako hapa. Mama mwenye kistari, akizaa mtoto mwenye alama ya kujumlisha, hupaswa kuchomwa sindano hiyo ndani ya saa 72, yaani siku tatu. Si kwa kuzaa tu. Mimba ikitoka, au ikitunga nje ya mji wa mimba, au mjamzito akianguka na kuumia tumbo, au akitokwa na damu, damu zaweza kukutana. Basi aende hospitali mara moja, aonyeshe kadi na kuuliza. Mahali pengine hupewa pia mimba ikifika wiki 28. Dawa ni ghali, na si kila zahanati inayo, kwa hiyo ulizeni mapema, mimba ikiwa ingali changa, siyo siku ya uchungu. Na baba naye apimwe. Ikiwa naye ana kistari, watoto wao wote watakuwa na kistari, na hapana hatari hii.

Ikiwa mama amekwisha kuchonga mishale, sindano haimsaidii tena. Hata hivyo hajaachwa bila njia. Hospitali kubwa huweza kupima wingi wa mishale na kumwangalia mtoto kwa karibu. Mwaka 1963 daktari William Liley wa New Zealand aliweza kumtia damu mtoto akiwa bado tumboni, na kazi hiyo hufanywa mpaka leo mahali penye vifaa.

Msichukue somo hili mkadhani kila mimba iliyoharibika ni kwa sababu ya Rhesus. Mimba nyingi zinazotoka mapema hutokana na kasoro katika mbegu yenyewe, wala hakuna wa kulaumiwa. Wako pia akina mama ambao kingamwili zao hufanya damu igande ndani ya kondo. Hao husaidiwa kwa dawa za kuzuia kuganda, kwa amri ya daktari. Mama aliyepoteza mimba mara mbili au tatu aende akachunguzwe, na mumewe aende naye.

Dada yangu alipopimwa alikutwa na mishale mingi; sindano ilikuwa imechelewa miaka minane. Mimba ya nne aliibeba karibu na hospitali ya mkoa, akazalishwa kwa upasuaji kabla ya siku zake, na mtoto akabadilishwa damu. Ni msichana, yuko darasa la pili. Shemeji hakuoa mke mwingine. Habari za wale wawili dada haongei, nami simwulizi.

Zoezi la juma hili. Andikeni katika daftari maneno haya matano: damu, kondo, kingamwili, kistari, sindano. Kisha kila mmoja aandike kundi lake la damu na alama yake. Usiyejua, uliza zahanati mahali pa kupimia. Karani wa darasa atakusanya madaftari siku ya Alhamisi.