Dereva wa IT Alipwe Alale

Msikilizaji, ukisafiri kwa barabara kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, lazima utakutana na magari fulani. Yanakwenda kwa msururu, viti bado vimefunikwa nailoni, vioo vya mbele vina alama na karatasi zilizobandikwa Japani, na kila gari lina zile herufi mbili tunazozijua sote: IT, yaani “in transit”. Ni magari yaliyoshushwa melini Dar es Salaam, na wenyewe wanayasubiri Lusaka, Ndola, Lilongwe au Lubumbashi.

Biashara hii ni halali na ina faida kwa nchi. Zambia na Malawi hazina bahari, na Lubumbashi iko mbali mno na bandari za Congo zilizo upande wa Atlantiki. Majirani hawa wangeweza kupitishia magari yao Durban au Beira. Wanapochagua Dar es Salaam, bandari inapata kazi, mawakala wa forodha wanapata kazi, na vijana wetu wengi wanapata riziki nyuma ya usukani. Ninachotaka tukizungumze leo ni namna gari hilo linavyosafirishwa baada ya kutoka getini.

Wakala akimaliza taratibu zake, akaweka dhamana ya forodha na kukata bima, anamkabidhi dereva funguo. Mbele yake kuna zaidi ya kilomita 900 hadi mpaka wa Tunduma. Atapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 ambazo mnyama anaweza kukatiza barabara wakati wowote. Atapanda kona za Kitonga, ataipita Mafinga na Makambako, na baada ya Mbeya atakutana na mteremko wa Mbalizi, ambako malori yaliyoshindwa kufunga breki yamekwisha kutusababishia vilio mara nyingi.

Sasa litazame gari lenyewe. Inama kwenye tairi, tafuta ubavuni tarakimu nne zilizofuatana. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka ambao tairi lilitengenezwa. Ukikuta 2313, tairi hilo ni la wiki ya 23 ya mwaka 2013. Linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na huku mpira wake umekwisha kuzeeka. Mengine yanakuja na matairi ya theluji, mpira laini uliokusudiwa baridi ya Hokkaido. Tairi hilo ndilo linaloingizwa kwenye lami ya Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, jua likiwa kali na mwendo ukiwa mkubwa.

Na aliyeshika usukani? Madereva wengi wa IT hawana mshahara. Wanalipwa kwa safari. Mara nyingi dereva anapewa fedha kwa mkupuo, ndani yake mna mafuta, chakula, malazi na ujira wake. Kinachobaki ndicho chake. Akifika mpakani anakabidhi gari, anapanda basi kurudi Dar es Salaam, anaanza upya kusubiri gari jingine. Kwa mpango huo, kila saa anayolala inamkata mapato, na kila shilingi ya nyumba ya wageni inatoka kwenye ada ya mtoto wake.

Hapo ndipo abiria wanapoingia. Mbezi, Kibaha, Chalinze, Morogoro, watu wanasimama kando ya barabara wakiyapungia magari ya IT kwa sababu nauli ni nafuu na mwendo ni wa haraka. Gari hilo halina leseni ya kubeba abiria. Hakuna tiketi, hakuna orodha ya majina, na bima yake haikukatwa kwa ajili ya mtu aliyelipa nauli. Ikitokea ajali, ndugu hawajui hata waanzie wapi kudai.

Basi la mikoani linafuatiliwa mwendo wake na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kwa mfumo wa kielektroniki wa VTS, na safari ndefu inatakiwa kuwa na dereva wa pili. Gari la IT linapita barabara hiyohiyo likiwa na dereva mmoja, na wa kumuuliza amelala lini hayupo.

Kila ajali ikitokea tunasikia kwamba dereva alikuwa mzembe. Wazembe wapo, na sheria iwashughulikie. Lakini mtu aliyepewa fedha isiyotosha kulala njiani hakuchagua peke yake kukesha. Uamuzi huo ulianza kufanyika ofisini, siku walipokuwa wanapatana bei.

Kwa hiyo nasema hivi. Mawakala, tenganisheni fedha ya mafuta na ujira wa dereva. Malazi ya usiku mmoja njiani, Iringa au Makambako, yawe gharama ya mteja, yaandikwe kwenye ankara kama inavyoandikwa bima. Tairi lililozeeka libadilishwe kabla gari halijaondoka Dar es Salaam. Serikali nayo iweke ukomo wa saa za kuendesha kwa dereva wa IT, na askari wa barabarani amuulize dereva ametoka Dar es Salaam saa ngapi.

Njia nyingine pia zipo. Lori la kubebea magari linachukua kadhaa kwa dereva mmoja. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita Tunduma penyewe. Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa hati ya makubaliano ya kuifufua. Wanaopanga ufufuaji huo wayafikirie magari haya tangu mwanzo.

Na wewe msikilizaji unayesimama Chalinze ukitafuta usafiri wa haraka, usipande gari la IT. Subiri basi. Nauli unayookoa ni ndogo sana, na dereva atakayekuchukua huenda hajafumba macho tangu jana.