Shamba la Shule ni la Nini?



Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka, ngumu kumeza. Katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, 13 hivi tu ndio waliopata nafasi ya sekondari, lakini wote 100 walifundishwa kana kwamba wanakwenda huko. Mwalimu akataka elimu ya msingi ijitosheleze, na shamba la shule liwe sehemu ya masomo: watoto wapange, walime, wauze, waione faida na hasara kwa macho yao.

Waliosoma shule za huku Dodoma wanajua lilivyokuwa shamba lenyewe. Ukichelewa namba, unapelekwa kupalilia. Uwele ukianza kukomaa, darasa zima linatumwa kuamia ndege, maana kwelea kwelea hawasubiri kengele. Mavuno yakiuzwa, aliyeamia ndege haambiwi fedha imekwenda wapi. Na siku hiyohiyo, kwenye somo la hesabu, anafundishwa faida na hasara za mfanyabiashara wa kubuni!

Sidhani kosa lilikuwa uvivu wa walimu. Mwalimu alipimwa kwa idadi ya waliofaulu mtihani wa darasa la saba, na jasho la shambani halikuwa na alama humo. Mzazi naye alimpeleka mwanawe shule ili apate kazi ya mshahara. Kulima angejifunza nyumbani, tena bila sare. Serikali ilitaka wakulima wasomi. Mtoto mmoja, wenyewe watatu, kila mmoja akimvutia kwake. Waraka ulihubiriwa kila mahali, lakini sioni ni wapi hao watatu waliketi wakakubaliana.

Tazameni kalenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na Januari shule zikifunguliwa palizi ndiyo imepamba moto. Mahudhurio yakishuka tunasema wazazi hawana mwamko. Mtoto aliyebaki shambani anafanya kazi ileile iliyosifiwa mwaka 1967, ila daftari la mahudhurio linamwandika mtoro.

Sasa tuna Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa hapa Dodoma Februari 1, 2025. Inaweka elimu ya lazima ya miaka 10 na mkondo wa amali katika sekondari. Naiunga mkono. Lakini sera bado mbichi, na tayari wapo wanaosema amali ni ya wasioweza masomo. Maneno hayo yakizoeleka, karakana itapata sifa ileile ya shamba: mahali pa adhabu.

Ningetaka mtahiniwa wa kilimo wa Kongwa apimwe shambani, tangu kupanda Desemba hadi kuuza, wazazi wakijua anapimwa nini, na alama ziingie kwenye cheti. Kisha vyuo vizitambue kwenye udahili. Chuo chetu hiki kilianza 2007, hakina mazoea ya miaka mia ya kuyalinda. Makamu Mkuu wa Chuo, hilo la udahili Seneti yetu inaweza kuanza kulijadili muhula huuhuu.