Simu ya Ofisini Ipige 999 Bila Kikwazo



Simu ya mezani katika jengo la kazi hutumika kuuliza bei, kuita karani na kuunganisha wageni. Lakini iko kazi moja ambayo huenda isiifanye hata mara moja kwa miaka kumi, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: kuita polisi, ambulensi au zimamoto. Swali la leo ni fupi. Mtu yeyote akiingia katika chumba chochote cha jengo hilo, akainua simu na kubonyeza 999, je, atajibiwa?

Msijibu haraka. Simu nyingi za ofisini haziendi nje moja kwa moja. Zinapita katika mtambo wa simu za ndani, ule ambao mafundi huuita PABX. Mtambo huo ndio unaoamua nambari gani ni ya chumba cha jirani na nambari gani ni ya nje. Ili kutoka nje, mpigaji hutakiwa kubonyeza 9 au 0 kwanza. Pale ambapo 9 ndiyo mlango wa kutokea, mtu anayebonyeza 999 anaweza kuwa ametumia tarakimu ya kwanza kufungua mlango tu. Zinazobaki ni 99, na 99 haimfikishi kwa polisi. Katika hoteli, chumba cha 12 cha ghorofa ya kwanza huenda kikapewa nambari 112. Mgeni anayebonyeza 112 kutafuta msaada atamwamsha mgeni mwenzake.

Kosa la namna hiyo liligharimu maisha Marekani. Tarehe 1 Desemba 2013, katika moteli moja ya mji wa Marshall, jimbo la Texas, Kari Hunt alishambuliwa na mumewe waliyekuwa wametengana, akauawa. Binti yake wa miaka 9 alikuwepo. Alifanya kama alivyofundishwa: alipiga 911, nambari ya dharura ya nchi hiyo. Alijaribu mara nne. Simu haikutoka, kwa sababu katika moteli ile ilibidi kubonyeza 9 kwanza, na mtoto hakulijua hilo. Hakuna aliyemwambia, wala hakukuwa na sababu ya yeye kulijua.

Babu wa mtoto huyo, Hank Hunt, aliipeleka habari hiyo kwa watunga sheria na hakuchoka. Tarehe 16 Februari 2018 sheria iliyopewa jina la Kari ilitiwa saini, na ikaanza kutumika miaka miwili baadaye. Inataka mambo mawili katika mitambo mipya ya simu. Kwanza, nambari ya dharura ipigwe moja kwa moja, bila tarakimu ya kutangulia. Pili, mtu akiipiga, mapokezi au walinzi wa jengo wapate taarifa papo hapo. Sheria nyingine ya mwaka huo huo ikaongeza la tatu: mahali alipo mpigaji pajulikane, hadi ghorofa na chumba.

Sheria hizo ni za Marekani na haziamuru ofisi yoyote ya Kenya. Lakini mtambo wa simu haujui mpaka wa nchi. Kasoro iliyokuwa Marshall inaweza kuwa katika bweni, wodi au ofisi ya chama cha ushirika hapa, na dawa yake ni ile ile. Mara nyingi haihitaji mtambo mpya. Inahitaji fundi, orodha, na msimamizi anayefuatilia.

La kwanza la kumwagiza fundi ni njia ya moja kwa moja. Nambari 999, 112 na 911, ambazo nchini Kenya ndizo za dharura za polisi, zipite bila tarakimu ya kutangulia. Zipite pia mtu akitanguliza 9 au 0 kwa mazoea, maana mwenye hofu hufanya alichozoea. Simu ya ndani yenye nambari inayogongana na hizo ibadilishwe.

La pili ni kufuli. Ofisi nyingi hufunga simu za nje ili kupunguza gharama, hata mfanyakazi akatakiwa kuwa na nambari ya siri. Kufuli hiyo isiguse nambari za dharura. Simu ya jikoni, ya stoo, ya langoni kwa bawabu, zote ziweze kuomba msaada. Hata laini zote za nje zikiwa na watu wanaozungumza, mtambo uache nafasi kwa simu ya dharura.

La tatu ni mahali. Hapa pana mtego kwa ofisi za matawi. Siku hizi simu nyingi hupita katika intaneti, na tawi lililo katika kaunti hii linaweza kutumia mtambo ulio katika makao makuu Nairobi. Simu ikitoka huko, nambari inayoonekana kwa anayepokea ni ya Nairobi. Mpigaji akikatika kabla ya kusema alipo, msaada utatafutwa mamia ya kilomita kutoka palipo na moto. Fundi aulizwe wazi: simu ya dharura ya tawi hili inatokea wapi, na inaonyesha nambari gani? Nambari hiyo ikipigwa tena saa nane za usiku, nani ataipokea?

Hata mtambo ukiwa mzuri, kila simu iwe na kibandiko kando yake. Kiandikwe jina la jengo, ghorofa, chumba, barabara, na alama inayojulikana na wenyeji: soko, msikiti, kanisa, stendi ya matatu, shule. Anayeomba msaada akiwa anatetemeka asianze kufikiria. Asome tu.

La nne ni taarifa kwa walio ndani. Ambulensi ikifika langoni na askari hajui kwa nini imekuja, dakika zinapotea kwa maswali. Mtambo uweze kulia au kuandika ujumbe mapokezi na langoni: mtu wa chumba fulani amepiga nambari ya dharura. Kazi ya mapokezi si kuizuia simu hiyo wala kuipokea kwa niaba ya polisi. Kazi yao ni kufungua lango, kushikilia lifti na kumtuma mtu akawaongoze waokoaji.

La tano ni stima. Simu inayopita katika intaneti hufa pamoja na ruta umeme ukikatika, tena moto wenyewe mara nyingi ndio huukata. Betri ya akiba iwekwe kwa mtambo, kwa ruta na kwa simu zenyewe.

Huenda mtu akasema kila mmoja ana simu ya mkononi. Ni kweli kwamba rununu inasaidia sana, na 112 inaweza kupita hata mtandao wa laini ya mpigaji usipopatikana, mradi mtandao mwingine upo. Lakini mwanafunzi wa bweni hana rununu. Mgonjwa ameiacha nyumbani. Chumba cha chini ya ardhi hakina mtandao. Chaji imeisha. Watu hao ndio simu ya ukutani iliwekewa.

Inafaa pia kujua nani huja. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Huduma za ambulensi na zimamoto, kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba, ni jukumu la serikali za kaunti. Kwa hiyo kibandiko kiwe na 999 na pia nambari ya zimamoto na ya ambulensi za kaunti, kama zilivyotolewa na ofisi husika. Nambari hizo zihakikishwe kila mwaka, kwa maana nambari iliyobadilika ni mbaya kuliko nafasi tupu: humpotezea mtu muda akiwa na imani.

Baada ya kupanga, jaribuni. Msishtukize. Zungumzeni kwanza na kituo cha polisi kilicho karibu, mkubaliane saa ambayo hakuna shughuli nyingi. Anayejibiwa aseme mara moja kwamba ni jaribio, si dharura, kisha aulize nambari gani imeonekana. Jaribio lifanywe kutoka kila ghorofa na kila tawi, na lirudiwe kila mtambo unapobadilishwa au ofisi inapohama. Na mtu akipiga 999 kwa bahati mbaya asikate. Akae, aeleze kwamba amekosea. Simu iliyokatwa kimya inaweza kumfanya askari aache kazi nyingine amtafute.

Mkazi asiye na ofisi naye ana sehemu yake. Mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni ana haki ya kumuuliza mwalimu mkuu: usiku, matroni akilala, mtoto atapigaje simu ya msaada? Mgeni wa hoteli aulize mapokezi kabla ya kupanda ngazi. Mfanyakazi amuulize msimamizi wake. Mwajiri hapa Kenya anatakiwa na sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 kuwalinda watu wake, na swali hilo si utovu wa adabu.

Yule binti wa Marshall hakukosea nambari. Alipiga iliyo sahihi, mara nne. Waliokosea ni watu wazima waliouacha mtambo bila kuujaribu. Kabla ya wiki hii kwisha, kila msimamizi amwite fundi wake na kumpa orodha hii.