Barabara Moja, Nambari Mbili

  Walioko katika vikundi nawaomba wasogee karibu na redio, na katibu wa kikundi awe na karatasi na kalamu, maana leo tutataja nambari nyingi, na mwisho wa somo kuna maswali ya kuzungumzia.

Somo la leo ni juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita bila kulitazama, nalo ni nambari za barabara. Kwetu, ukimwuliza mtu njia, mara nyingi hatakujibu kwa nambari. Atakuambia, "Shika barabara ya Morogoro," au, "Fuata hii ya Mombasa mpaka penye mbuyu, kisha pinda mkono wa kushoto." Barabara twaiita kwa jina la mji inakokwenda, na kwa mwenyeji hilo latosha. Lakini mgeni hajui ni mbuyu upi. Kweli, kuuliza si ujinga. Lakini usiku, mahali pasipo nyumba, atamwuliza nani? Nambari ya barabara iliwekwa kwa ajili ya mtu huyo. Kwa hiyo nambari ikikosewa, anayepotea ni mgeni. Na nambari ikibadilishwa, anayesumbuka ni mwenyeji aliyeizoea. Shikeni maneno hayo mawili, kwani ndiyo kiini cha somo.

Leo tutasafiri mpaka Marekani, katika jimbo la California. Huko mwaka 1964 nambari za barabara nyingi zilibadilishwa kwa pamoja. Tutatazama kwa nini ilikuwa hivyo, na mambo gani yalifuata.

Kwanza yafaa tujue hali ilivyokuwa zamani. Marekani ni nchi ya majimbo, na kila jimbo lina serikali yake, baraza lake la sheria, na barabara zake. Motokaa zilipoanza kuwa nyingi, katika miaka ya 1910, barabara ndefu zilipewa majina. Mojawapo iliyo mashuhuri ni Lincoln Highway, iliyotangazwa mwaka 1913, ya kutoka New York mpaka San Francisco. Walioitangaza hawakuwa serikali, bali chama cha watu binafsi. Vyama vingine vingi vikafuata. Kila chama kilipaka rangi zake juu ya nguzo za simu kandokando ya njia, ili dereva afuate rangi. Mwanzoni jambo hili lilisaidia. Lakini vyama vilipozidi, nguzo moja ikawa na alama za vyama kadhaa, na dereva akachanganyikiwa. Tena vyama vingine vilipindisha njia yao ipite katika miji iliyotoa fedha, hata kama njia hiyo ilikuwa ndefu zaidi.

Jimbo la Wisconsin ndilo lililoonyesha njia bora. Mwaka 1917 baraza lake lilitunga sheria, na mwaka 1918 vibao vyenye nambari vikawekwa katika barabara kuu za jimbo lote. Hilo lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Nambari haina mji inaoupendelea, haihitaji rangi, nayo husomeka upesi.

Majimbo mengine yakaiga. Lakini hapo likazuka tatizo jipya: barabara iliyoitwa 10 katika jimbo moja, ikivuka mpaka iliweza kuitwa 37. Basi mwaka 1926 wakuu wa barabara wa majimbo yote, pamoja na serikali ya nchi, walikubaliana juu ya mpango mmoja. Barabara zilizounganisha majimbo zikapewa nambari zisizobadilika mpakani. Nasi katika somo hili tutaziita "Barabara za Marekani."

Sikilizeni kanuni yake, kwa maana tutaihitaji baadaye. Barabara zinazotoka kaskazini kwenda kusini zilipewa nambari za witiri, yaani 1, 3, 5 na kuendelea. Zinazotoka mashariki kwenda magharibi zilipewa nambari za shufwa, yaani 2, 4, 6 na kuendelea. Nambari za witiri zilianza ndogo upande wa mashariki, zikakua kuelekea magharibi. Ndiyo maana 1 iko pwani ya Atlantiki na 101 pwani ya Pasifiki. Nambari za shufwa zilianza ndogo kaskazini, karibu na Kanada, zikakua kuelekea kusini.

Msidhani kwamba watu walipokea nambari hizo bila maneno. Barabara ya kutoka Chicago mpaka Los Angeles ilikusudiwa kuwa 60. Gavana wa Kentucky alikataa, kwa sababu nambari kubwa zenye sifuri mwishoni zilikuwa za heshima, na jimbo lake halikupata hata moja. Baada ya mabishano ya miezi mingi, 60 ikapitishwa Kentucky, na ile ya Chicago ikapewa 66. Nambari hiyo iliyochukuliwa kwa suluhu ndiyo iliyokuja kuimbwa katika wimbo na kujulikana dunia nzima.

Sasa tuingie California. Jimbo hili lilianza kazi ya barabara kuu kwa sheria ya mwaka 1909, na mwaka 1910 wananchi walipiga kura kukubali jimbo likope dola milioni 18 kwa kazi hiyo. Ili kuzitambua katika vitabu vya serikali, barabara zilipewa nambari. Lakini nambari hizo zilikuwa za vitabuni tu. Hazikuandikwa juu ya kibao chochote. Mwaka 1926 zikaja nambari za Barabara za Marekani, na hizo ziliwekwa barabarani. Kisha mwaka 1934 jimbo, kwa msaada wa vyama viwili vya wenye motokaa, likaanza kuweka vibao vya nambari zake lenyewe. Kibao chake kilikuwa na umbo la sepetu, kwa kukumbuka wachimba dhahabu walioingia California mwaka 1849.

Je, mmeona kosa liko wapi? Nambari za kibaoni hazikulingana na nambari za kitabuni. Tutoe mfano. Barabara kuu ya kupita katika bonde la California, kutoka Sacramento kwenda Los Angeles, kibao chake kilisema 99. Lakini katika kitabu cha sheria sehemu hiyo iliitwa 4. Na barabarani ilikuwako 4 nyingine, iliyotoka karibu na Ghuba ya San Francisco, ikapita Stockton, ikapanda milima ya Sierra Nevada. Basi mwananchi akisoma katika sheria kwamba Barabara ya 4 itatengenezwa, angeweza kufikiri ni hii ya kwenda milimani, kumbe inasemwa ile ya bondeni. Barabara moja ilikuwa na nambari mbili, na nambari moja ilikuwa na barabara mbili.

Tena palikuwa na shida ya nambari kurundikana. Mashariki ya Los Angeles, barabara moja ilibeba nambari 60, 70 na 99 kwa pamoja, vibao vitatu juu ya lami ile ile. Dereva aendaye kwa kasi hana nafasi ya kusoma orodha.

Mambo hayo yalivumiliwa muda mrefu. Kilichovunja uvumilivu ni sheria ya nchi ya mwaka 1956, iliyoanzisha ujenzi wa barabara kubwa za haraka zinazoitwa Interstate, maili 41,000 katika nchi nzima. Nazo zilihitaji nambari. Wataalamu walichukua kanuni ile ya 1926 wakaigeuza: witiri zikaanza ndogo magharibi, na shufwa zikaanza ndogo kusini. Walifanya hivyo kusudi barabara mbili zenye nambari moja zisikutane. 10 ya zamani ilikuwa kaskazini kabisa mwa nchi, na 10 mpya ikawa kusini kabisa. Mtu hawezi kuzikosea.

Lakini California ni jimbo refu mno kutoka kaskazini hadi kusini. Hesabu iliyofaa katika ramani ya nchi nzima haikufaa hapo. Barabara ya Marekani ya 40 iliingia San Francisco kutoka Sacramento, na Interstate 40 ilipangwa kuishia Barstow, katika jangwa la kusini. Barabara ya Marekani ya 80 iliishia San Diego, kusini kabisa, na Interstate 80 ikapangiwa San Francisco. Nambari hizo mbili zikawa kama watu wawili waliobadilishana nyumba. Mgeni akiambiwa, "Nenda na 80," angeshika ipi? Kuchagua vibaya ni kwenda mbali kwa maili mia nyingi.

Kwa hiyo mwaka 1963 baraza la California lilipitisha sheria, iliyoletwa na Seneta Randolph Collier, ya kupanga upya nambari zote, na vibao vikaanza kubadilishwa mwaka 1964. Makusudi yake yalikuwa matatu. La kwanza, nambari ya kitabuni na ya kibaoni iwe moja. La pili, nambari moja isitumike kwa barabara mbili katika jimbo. La tatu, kipande kimoja cha barabara, kadiri iwezekanavyo, kisibebe nambari nyingi.

Tazameni matokeo yake. Barabara ya jimbo nambari 10, mjini Los Angeles, ikawa 42, ili kuipisha Interstate 10. Nambari 5, iliyopita juu ya vilima kusini ya San Francisco, ikawa 35, ili kuipisha Interstate 5. Barabara ya Marekani ya 6, iliyokuwa ndefu kuliko zote, kutoka pwani ya Massachusetts mpaka Long Beach, ilikatwa ikaishia Bishop. Ndani ya California zikabaki maili kama 40 tu. Na barabara ya haraka ya kutoka Los Angeles kwenda Pasadena, iliyofunguliwa mwaka 1940, iliacha 66 ikawa 11, na baadaye tena 110. Mtu aliyekaa mahali pamoja alibadilishiwa nambari mara mbili bila kuhama nyumba yake.

Faida ilionekana upesi katika kazi. Tangu wakati huo California hupima barabara zake kwa alama za maili, zikianza na sifuri katika kila wilaya. Alama hutaja nambari ya barabara, wilaya, na maili. Pakitokea ajali au daraja likibomoka, polisi na fundi hutaja alama hiyo, nao wote wanajua ni mahali pale pale. Kama nambari ya fundi ingekuwa tofauti na ya polisi, kazi hiyo ingekuwa ngumu.

Na hasara je? Mwenye duka aliyeandika nambari ya barabara juu ya ubao wake ilimpasa aandike upya. Ramani zilizonunuliwa jana zikawa za zamani. Watu wengine walihuzunika zaidi, kwa kuwa nambari kwao ilikuwa riziki. Mfano ni Amboy, kijiji cha jangwani juu ya 66, kilichoishi kwa kuuza petroli, chakula na malazi kwa wasafiri. Mwaka 1973 Interstate 40 ilifunguliwa upande wa kaskazini, na wasafiri wakatoweka. Hapa tuseme kwa haki: kilichoiumiza Amboy si nambari, ni barabara mpya. Lakini nambari ilipoondolewa, hata aliyetaka kupita njia ya zamani hakupata kibao cha kumwongoza. Mwaka 1985 nambari 66 ilifutwa katika orodha ya Barabara za Marekani. Baadaye watu wa miji ya kandokando walidai, na leo vibao vya kumbukumbu vimewekwa sehemu nyingi, na wageni huifuata kwa hiari yao.

Sasa linganisheni na 99. Interstate 5 ilipojengwa magharibi ya bonde, ikafunguliwa mwaka 1972, miji ya Bakersfield, Fresno na Modesto iliachwa kando. Lakini barabara yao haikupokonywa nambari. Iliondolewa kibao cha Marekani ikapewa kibao cha jimbo, chenye umbo la sepetu na rangi ya kijani, na juu yake pakaandikwa 99 vile vile. Vivyo hivyo 60 na 91 zilibakizwa kwa sehemu zake. Mwenyeji hakupoteza neno alilolizoea, wala mgeni hakupotea njia, kwa sababu 99 nyingine haikuwapo.

Fundisho letu basi ni hili. Kupanga upya ni kazi njema pale ambapo mambo mawili yana jina moja, au jambo moja lina majina mawili. Lakini mpangaji asibadilishe kwa kupenda unadhifu tu. Nambari ambayo bado inamfikisha mgeni, na ambayo mwenyeji ameizoea, iachwe. Na ile ambayo hapana budi iondoke, wenyewe waambiwe mapema, na alama ya zamani isaidie mpaka mpya izoeleke. Hayo si ya barabara peke yake. Ni ya mitaa, viwanja, madarasa, na kila kitu ambacho serikali au chama hukipa nambari.

Haya ndiyo maswali ya kikundi:

1. Kwa nini nambari ilifaa kuliko rangi zilizopakwa juu ya nguzo?

2. Elezeni kwa nini kulikuwa na hatari ya kuwa na 80 mbili katika California.

3. Amboy na Fresno zote zilipitwa na barabara mpya. Ni tofauti gani mnayoiona katika jambo la nambari?

4. Je, katika mtaa au kijiji chenu kuna kitu chenye majina mawili yanayowachanganya wageni? Kama mngepewa kazi ya kukipanga, mngeliacha jina lipi, na mngewaambiaje wenyeji?

Zungumzeni bila haraka, kila mtu apewe nafasi ya kusema, na katibu aandike majibu.