BANDU BANDU HUISHA GOGO: TUTUNZE UWANJA, TUTUNZE NYUMBA

Mada iliyosomwa na Kamati Ndogo ya Makazi katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, Magomeni, Kilosa



 Wenzetu waliotutangulia wameeleza habari za hisa, mikopo na marejesho. Sisi tumepewa dakika chache tuseme juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari lolote la kikundi, nalo ni uwanja wa nyumba. Tunaposema uwanja tuna maana ya mbele ya mlango, uani, kandokando ya ukuta, na kule maji ya bafuni yanakoishia.

Mtu anaweza kuuliza, uwanja na akiba wapi na wapi? Vinahusiana sana. Katika miaka hii kumi wengi wetu tumegeuza mikopo kuwa tofali, bati, mlango na dirisha. Kwa hiyo akiba yetu haimo tu katika sanduku la funguo tatu. Nyingine imesimama huko mitaani, inapigwa jua na kunyeshewa mvua. Tuliikusanya kwa haba na haba hujaza kibaba. Lakini wazee walisema pia: bandu bandu huisha gogo. Kile tulichokijaza kwa miaka kumi kinaweza kubanduliwa kidogo kidogo, tena hapo hapo mlangoni petu.

1. NYUMBA HUANZA KUBOMOKA CHINI

Tazameni nyumba iliyokaa miaka minane au tisa bila uwanja wake kutengenezwa. Msingi uliokuwa umefukiwa uko nje. Ngazi ya mlango imening'inia. Mizizi ya mwembe imetokeza kama mishipa ya mzee. Ukuta una ufa kwenye pembe, nasi tunamwita fundi apige lipu. Lipu haitibu ufa huo, kwa sababu ugonjwa uko chini.

Waharibifu ni wawili. Wa kwanza ni maji ya paa. Hebu tupige hesabu pamoja. Paa la mita 8 kwa mita 6 lina mita za mraba 48. Ikinyesha mvua ya milimita 20, yaani ile ya kujaza sentimita 2 katika kopo lenye kuta zilizonyooka, paa hilo litamwaga lita 960. Hizo ni ndoo 48 za lita 20. Paa la mgongo mmoja katikati humwaga ndoo 24 kila upande, kwenye mstari ule ule, mvua baada ya mvua. Nani kati yetu angekubali jirani aje kumwaga ndoo 24 kwenye msingi wake?

Wa pili ni fagio letu wenyewe. Kufagia uwanja alfajiri ni heshima ya mwanamke na ya nyumba, wala hatusemi tuache. Ila tunapokwaruza udongo mkavu kwa fagio la chelewa, lile vumbi tunalolisukuma jalalani ni uwanja wenyewe unaondoka. Nyunyiza maji kidogo kwanza. Fagia majani na takataka, usikwaruze ardhi. Udongo uliojikusanya pembeni urudishe penye shimo.

2. KAZI YENYEWE: MAJI KWANZA, MAUA BAADAYE

Wengi tukitaka kupendezesha uwanja tunaanza na maua na mawe ya kupaka chokaa. Mvua moja kubwa ikija, maua yanakwenda na maji. Tufuate mpango huu.

(a) Kutazama. Mvua ikinyesha, simama barazani uangalie maji yanatoka wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Ikikatika, piga vigingi penye njia ya maji. Kazi hii haina gharama, na ndiyo ramani yako.

(b) Kurudisha udongo. Jaza udongo kuzunguka nyumba kwa tabaka nyembamba, kama sentimita 10 hadi 15 kila moja. Lowanisha kidogo, shindilia kwa gogo, kisha weka tabaka jingine. Uwanja uinamie nje, ushuke kama sentimita 5 kwa kila mita moja, kwa mita mbili za mwanzo. Asiye na pima maji la fundi atumie mpira mwembamba unaoonyesha ndani, aujaze maji na kutoa mapovu. Maji kwenye ncha zote mbili husimama usawa mmoja, na hapo utajua wapi ni juu na wapi ni chini.

Angalizo: udongo usifike kwenye tofali za ukuta. Acha kama sentimita 15 za msingi zionekane, ili ukiona njia ya udongo ya mchwa inapanda uiwahi. Kuni nazo zisiegemezwe ukutani, maana hapo ndipo mchwa anapopata ngazi.

(c) Mstari wa matone. Pale matone ya bati yanapoangukia, chimba mtaro wa kina kifupi, upana wa beleshi mbili, ujaze kokoto au tofali zilizovunjika. Tone likianguka juu ya kokoto halichimbi. Mwenye uwezo wa kuweka mfereji wa bati na pipa apate faida mbili: msingi unapona na maji ya kufulia yanapatikana. Pipa lifunikwe.

(d) Kuyaondoa maji. Mtaro wa kutoa maji uwe na mteremko mdogo, sentimita 1 au 2 kwa mita. Ukiwa mkali, maji yatakimbia na kuchimba korongo. Kingo zake zipandwe mchaichai au nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huenda chini sana na kushika udongo. Na hapa tuseme wazi, akina mama: usimtupie jirani maji yako. Magomvi mengi ya mipaka yanaanzia kwenye mtaro. Kaeni pamoja, mkubaliane njia moja hadi kwenye mfereji mkubwa.

(e) Maji ya bafu na jikoni. Yaelekezwe kwenye shimo la mawe la kina cha mita moja hivi, mbali na kisima na mbali na msingi, au kwenye migomba, mipapai na magimbi. Maji ya kutuama yasikae wiki nzima, kwa kuwa mbu huhitaji wiki moja au zaidi kidogo kutoka yai hadi kuruka. Ukifukia dimbwi na kumwaga maji ya makopo, vifuu na matairi kila Jumamosi, umemkatiza njiani.

(f) Sasa panda. Miti mikubwa kama mwembe, mwarobaini na mjohoro ikae hatua kumi au zaidi kutoka ukutani. Kwa ua, mchongoma ni mzuri ukikatwa mara kwa mara. Mnyaa nao hukua upesi, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, basi wenye watoto wadogo wafikiri mara mbili.

3. TUSIDANGANYANE KUHUSU MKONDOA

Mtu wa Kilosa hawezi kuzungumza habari za maji asiukumbuke mto Mkondoa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto ulivunja tuta, reli ikakatika, na maelfu ya watu wa wilaya yetu wakaachwa bila makazi, wakahamia kwenye mahema. Mfereji wa uwanjani hauzuii mto wa namna hiyo, na tusije tukajidai kuwa unazuia. Tuta na reli ni kazi ya serikali, nasi tuna haki ya kuwauliza viongozi wetu hali yake kila mwaka kabla ya masika.

Lakini upo upande wetu pia. Tusichote mchanga wala udongo wa kujazia viwanja kwenye kingo za mto au kwenye tuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo. Haitupi faida kuimarisha msingi wa nyumba moja kwa kudhoofisha ukuta wa mji mzima. Na mafuriko hayaji kila mwaka. Mvua ya kawaida ndiyo inayokuja, nayo ndiyo inayobomoa nyumba nyingi kimyakimya.

4. OMBI LETU KWA KIKUNDI

Mkoa wetu una somo. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Nia iliyotajwa ni kuhifadhi udongo, ila kazi ilikuwa ya amri, nzito, na wengi hawakuona faida shambani. Mwaka 1955 watu waligoma, mtu mmoja akauawa kwa risasi kule Matombo, na mpango ukafa. Kazi ya udongo haidumu kwa kulazimishwa. Hudumu pale mwenye uwanja anapoona faida yake, na wenzake wanapomshika mkono.

Kwa hiyo tunaleta mambo matatu, yajadiliwe katika mkutano ujao:

Kwanza, tuanze msaragambo wa viwanja. Wanachama watano wakikutana asubuhi moja, uwanja mmoja unaweza kuisha. Tuanze na wajane, wazee na wenye wagonjwa.

Pili, kikundi kinunue sururu mbili, mabeleshi, toroli moja na mpira wa kupimia, vikae kwa mtunza vifaa na kuazimwa kwa daftari.

Tatu, mkopo wa ukarabati uruhusiwe. Mpaka leo tunakopesha kujenga, hatukopeshi kutengeneza. Mwenzetu anasubiri ukuta uanguke ndipo akope wa kujenga upya! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ni riba kubwa kuliko zote.

Waliopanga wasijione hawahusiki. Waongee na mwenye nyumba kwanza, wakubaliane gharama, ndipo wachimbe. Na akina baba mliopo hapa, sururu haichagui jinsia.

Kuhusu wakati: kiangazi, Juni hadi Septemba, ni cha kujaza na kushindilia. Oktoba tuzibue mitaro kabla ya vuli. Februari tuzibue tena kabla ya masika. Baada ya kila mvua kubwa, tuzunguke nyumba mara moja. Dakika kumi zinatosha.

Ndugu Mgeni Rasmi, miaka kumi ijayo tungependa kuhesabu hisa, na pia nyumba zilizosimama wima, zenye uwanja mkavu na kivuli. Tuanze kwa kuangalia msingi, kila mmoja wa kwake, leo tukirudi nyumbani.