DARUBINI AU CHUMA KITUPU?

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya lenzi na wenzo kwa namna ambayo haitamlaza mtu usingizi baada ya pilau. Nimeishi miaka mingi Pennsylvania, Marekani, na huko nimekuta chombo chenye vyote viwili: bunduki ya kuwindia kulungu. Mwindaji husukuma wenzo chini kwa vidole, ganda likaruka nje. Akiurudisha juu, risasi nyingine huingia chumbani. Wanalobishania wawindaji wa huko ni hili: ufunge darubini juu yake, au ubaki na vilengeo vya chuma, yaani kijichuma kilicho mdomoni mwa mtutu na kile chenye pengo kilicho nyuma?

Winchester Model 1894, aliyoibuni John Browning, ilitupa maganda juu. Darubini ikikaa katikati, maganda yataigonga. Mwenye bunduki hiyo alibaki na chuma, au aliifunga darubini kwa ubavuni, ikakaa kama kofia iliyopinda. Marlin walitupa maganda upande wa kulia, na Model 336 yao ya mwaka 1948 ina mgongo mzima unaopokea darubini bila taabu. Winchester nao walikuja kuipindisha njia ya maganda miaka ya mwanzo ya 1980. Kwa hiyo wanaosema chuma ni mila ya wazee wakumbuke kwamba wazee wengi hawakuwa na la kuchagua.

Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda, alikuwa na Winchester ya wenzo, Model 1895, aliyoipenda kwa simba. Naye alikuwa mtu wa miwani, na hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu: macho.

Nyosheni kidole gumba, vijana, mkikazie macho. Mlango ule nyuma yake umefifia, sivyo? Basi mwenye vilengeo vya chuma anataka kuona vitu vitatu vya umbali mbalimbali kwa mara moja: pengo, kijichuma, na mnyama. Mtu akipita miaka 45 lenzi ya jicho imekuwa ngumu, na pengo linageuka ukungu. Darubini huviweka vyote mahali pamoja. Katikati ya hayo mawili kuna kitundu cha kuchungulia, ambacho jicho hujiweka katikati yake lenyewe, vikabaki vitu viwili tu. Watu hukidharau bure.

Sasa hesabu ya pembetatu zinazofanana. Kijichuma chenye upana wa milimita 1.6, kikiwa sentimita 75 kutoka jichoni, hufunika sentimita 21 kwa umbali wa meta 100. Moyo na mapafu ya kulungu hayazidi sana hapo. Kwa meta 50 hufunika nusu yake, nawe unaona unachokilenga. Kwa meta 150 hufunika sentimita 32, na hapo ni kubahatisha. Anayelipa ni mnyama, atakayekwenda kufa kichakani usiku kucha na risasi tumboni.

Lakini darubini kubwa nayo si dawa. Gawanyeni upana wa lenzi ya mbele kwa nguvu yake: milimita 32 kwa 4 ni 8, nuru ya kutosha kwa mboni ya kijana wakati wa magharibi. Kwa nguvu ya 9 inabaki 3.6, giza. Tena kulungu wa hatua ishirini utamwona manyoya tu. Hata kitako cha bunduki hizi ni cha chini, kimechongwa kwa ajili ya chuma, shavu likabaki linaelea. Na risasi ya .30-30, ya mwaka 1895, kwa kawaida ina pua butu, kwa kuwa ndani ya bomba pua ya moja hugusa fataki ya mwenzake. Darubini kukuonyesha kulungu wa meta 300 hakuifikishi huko.

Hatari niiogopayo kuliko zote ni mtu kuinua bunduki ili achungulie kinachotikisika kichakani. Darubini inapoelekea, mtutu umeelekea. Pennsylvania sheria inawataka wawindaji wa kulungu kwa bunduki hizi kuvaa rangi ya chungwa kali, lakini nguo haimsaidii aliyefichwa na majani. Ya kutazamia ni ile ya macho mawili inayoning'inia shingoni.

Nikiulizwa, kijana wa msitu mnene nitampa kitundu. Mzee wa rika langu nitampa darubini ya nguvu 2.5, na kipande cha kuongezea kwenye kinyundo, maana kidole chenye glavu hakifiki vizuri chini ya darubini. Kisha wote wawili waende uwanja wa shabaha kabla ya Novemba, wapige risasi tatu tatu kwa meta 50 na meta 100, na umbali ambao tatu hizo hazikai ndani ya sahani ya chai wasimpigie mnyama.