Bei ya Rafuni na Bei ya Kaunta: Nyongeza Unapolipa kwa Kadi



Tuanze na risiti moja. Mwenzetu mmoja wa ofisini alikwenda kununua jokofu lililobandikwa bei ya shilingi 48,000. Alizunguka, akalinganisha, akaridhika. Alipofika kaunta na kutoa kadi, mhudumu alimweleza, kwa upole kabisa, kwamba anayelipa kwa kadi huongezewa asilimia 3. Jumla ikawa shilingi 49,440. Gari la kubebea mzigo lilikuwa limekwisha kuitwa, na nyuma yake watu wanne walikuwa wakingoja zamu. Akalipa. Risiti aliyopewa ilionyesha jokofu moja, shilingi 49,440, wala haikuwa na neno hata moja kuhusu kadi.

Shilingi 1,440 hizo ndizo tunazotaka kuzungumzia leo.

Zinatoka wapi? Kila unapolipa kwa kadi, benki inayomhudumia mfanyabiashara humkata asilimia fulani ya malipo. Sehemu ya makato hayo huiendea benki iliyokupa wewe kadi, na sehemu nyingine huuendea mtandao wa kadi. Gharama hiyo ni ya kweli, na hatupendi kumsingizia mwenye duka kwamba ameibuni. Lakini kodi ya jengo, umeme na mshahara wa mlinzi ni gharama za kweli pia, na hakuna duka linalomwongezea mnunuzi senti za taa akiwa kaunta. Gharama hizo zimo ndani ya bei. Tena, kiasi anachokatwa mfanyabiashara na kiasi anachokuongezea si lazima vilingane. Anayekatwa kidogo na kutoza zaidi ameyageuza makato kuwa biashara ya pili.

Sheria ya Kenya inasemaje? Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma, na haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inaingia ndani zaidi. Kifungu cha 55 kinakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha, yakiwemo yale yanayohusu bei. Kifungu cha 56 kinasema kwamba anayetoa huduma za benki, mikopo midogo, bima na huduma nyinginezo asimtoze mteja ada yoyote, iitwe kwa jina lolote, ikiwa mteja hakujulishwa kabla ya kutozwa.

Vifungu hivyo havitaji kadi. Kwa maoni yetu, havina haja ya kuitaja. Mwenye duka anayesema kwamba ile nyongeza ni “ada ya huduma ya kadi” amekiri mwenyewe kwamba ni ada ya huduma, nayo ilipaswa kujulikana mapema. Akisema si ada bali ni sehemu ya bei, basi bei aliyoibandika rafuni haikuwa bei. Kumwambia mnunuzi wakati kadi imekwisha kuingia kwenye mashine si kumjulisha.

Kuna ulinzi mwingine usiojulikana na wengi. Mitandao mikubwa ya kadi, kama Visa na Mastercard, kwa kawaida huwakataza wafanyabiashara kuongeza tozo kwa anayelipa kwa kadi, isipokuwa pale sheria au kanuni za nchi husika zinaporuhusu. Masharti hayo humfikia mwenye duka kupitia mkataba wake na benki. Wewe si mshirika wa mkataba huo, na kwa hiyo huwezi kuusimamia mwenyewe, benki inaweza. Ndiyo maana tunawashauri mlalamike kwa benki iliyowapa kadi, na kutaja jina la duka, tarehe na kiasi. Kumpunguzia bei anayelipa taslimu ni jambo jingine, mradi bei iliyobandikwa ndiyo ya juu.

Kwa kuwa wengi wetu hununua tiketi za ndege na kulipia masomo ng’ambo, yafaa kujua wenzetu walivyofanya. Uingereza ilianza mwezi Aprili 2013 kwa kuwazuia wafanyabiashara kutoza zaidi ya gharama yao halisi, kisha tarehe 13 Januari 2018 ikakataza kabisa nyongeza kwa kadi za wanunuzi wa kawaida. Katazo hilo liliandikwa kwa kuzingatia kadi zinazotolewa huko, kwa hiyo msidhani kwamba kadi ya Kenya hubeba kinga ile ile. Jimbo la New York, tangu tarehe 11 Februari 2024, huruhusu nyongeza isiyozidi gharama ya mfanyabiashara, lakini humtaka aonyeshe bei kamili ya anayelipa kwa kadi kabla mnunuzi hajafika kaunta. Njia hiyo ya pili inatuvutia, kwa sababu inaondoa hesabu za asilimia kichwani mwa mnunuzi.

(Wale mnaoombwa mtume pesa kwa simu “pamoja na ya kutoa” mtakuwa mmekwisha kuona kwamba wimbo ni ule ule.)

Basi uliza kabla ya kuchagua: “Bei hii ni ya kadi pia?” Piga picha ya lebo. Ukiongezewa na ukaamua kulipa, dai nyongeza iandikwe peke yake kwenye risiti, kwa sababu ikichanganywa na bei ya bidhaa hutakuwa na la kuonyesha. Mwandikie muuzaji kwanza. Asipojibu, iandikie benki, kisha utuletee nakala za barua zote mbili.

Mwenzetu hakuwa amepiga picha. Lakini alipofungua jokofu jikoni kwake, aliikuta lebo ya 48,000 ingali imebandikwa upande wa ndani wa mlango. Aliibandua taratibu isichanike, akaipeleka dukani siku ya pili pamoja na risiti. Meneja aliitazama, akamrudishia shilingi 1,440 taslimu.